Rejeta ya Pikipiki Iliyoanguka

Nataka kuwaeleza habari ya rejeta ya pikipiki: kazi yake ni nini, huumia namna gani pikipiki ikianguka, na jinsi ya kuitengeneza na kuikinga isiumie tena. Sehemu ya mambo haya niliipata darasani katika somo la fizikia. Sehemu kubwa zaidi niliipata nikiwa nimechuchumaa katika gereji moja ya Divisheni ya Industrial, hapa Mbale, muda wa majuma matatu, kwa sababu ya kosa langu mwenyewe ambalo nitalisimulia mahali pake.

Najua wako watakaouliza, "Pikipiki gani hiyo yenye rejeta?" Wana haki kuuliza. Ukisimama kwenye steji yoyote ya bodaboda, iwe Mbale au Jinja, karibu zote utakazoziona ni Bajaj Boxer au TVS za kawaida, na hizo hupozwa kwa upepo. Tazama silinda yake, utaona imezungukwa na mapezi ya chuma kama kurasa za kitabu kilichofunuliwa. Mapezi hayo ndiyo yanayotoa joto, na upepo wa safari ndio unaolichukua. Pikipiki ya namna hiyo ikianguka, fundi hunyoosha usukani, hubadili mkono wa klachi, na mwenyewe huondoka. Lakini zile za magurudumu matatu zibebazo saruji na magunia ya mchele katika mitaa yetu ya viwanda, nyingi zina rejeta. Kadhalika baadhi ya pikipiki za milimani wanazotumia mapadre na waganga, na zile za vijana wapendao mbio, kama Bajaj Pulsar NS200. Hesabu yake inazidi kukua, na mafundi waliozoea mapezi hapana budi wajifunze maji.

Jambo lenyewe si geni duniani. Mwaka 1901 gari la Mercedes lilitoka Ujerumani likiwa na rejeta iliyobuniwa na Wilhelm Maybach, yenye mirija midogo zaidi ya 8,000, mfano wa sega la nyuki. Na huko Yorkshire, Uingereza, Alfred Scott alianza mwaka 1908 kutengeneza pikipiki zenye kupozwa kwa maji. Kwa hiyo rejeta ya pikipiki ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, ingawa kwetu watu wengi huiona kama kitu cha jana.

Sasa tuitazame kazi yake. Petroli ikiungua ndani ya silinda, chini ya theluthi moja tu ya nguvu zake ndizo zinazozungusha gurudumu. Zilizobaki ni joto. Sehemu ya joto hilo hutoka kwa bomba la moshi, na sehemu nyingine hubaki katika chuma cha injini, nayo isipoondolewa chuma hulainika na kupindika. Basi pampu ndogo husukuma maji yazunguke silinda, yachukue joto, kisha yapite katika mirija bapa ya rejeta. Kati ya mrija na mrija pamewekwa bati jembamba lililokunjwa kunjwa, nalo ndilo mapezi ya rejeta. Upepo hupita hapo, maji yakapoa, yakarudi kazini. Pikipiki ikisimama au ikienda polepole, upepo hautoshi, hivyo feni ya umeme huwaka yenyewe.

Hapa nawaomba wasomaji wasikimbie, kwa maana jambo linalofuata ndilo lililoniponza mimi, na sijamwona mwendeshaji mmoja katika kumi anayelijua. Tulifundishwa kwamba maji huchemka kwenye digrii 100. Hiyo ni kweli pwani, Mombasa au Dar es Salaam. Miji yetu ya Jinja na Mbale imekaa zaidi ya meta 1,100 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi zaidi, na maji yetu huchemka kwenye digrii 96 hivi. Injini lakini hufanya kazi vizuri maji yakiwa ya moto sana, karibu na digrii 90 au zaidi. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Ndiyo sababu kifuniko cha rejeta kina springi. Springi hiyo huzuia mvuke usitoke mpaka msukumo ndani uzidi ule wa hewa ya nje kwa kadiri ya kilo moja kwa kila sentimeta ya mraba. Maji yakibanwa hivyo hayachemki mpaka yakaribie digrii 120. Kifuniko kile kidogo cha senti chache kimeyapa maji yetu zaidi ya digrii 20 za usalama.

Basi fikirini: rejeta ikipata tundu dogo kama la sindano, hasara ya kwanza si maji. Maji yatadondoka polepole, pengine utadondokewa nusu lita tu kwa saa nzima. Hasara ya kwanza ni ule msukumo. Ukitoroka, maji huchemka tena kwenye digrii 96. Na sasa tazameni ubaya wake: katika pikipiki nyingi feni haianzi kuzunguka mpaka maji yakaribie digrii 100 au yapite kidogo. Yaani maji yatachemka feni ikiwa bado imelala. Mwendeshaji hasikii feni, husema moyoni, "Haijapata moto bado." Kumbe ndani ya kichwa cha silinda pamejaa mvuke, na mvuke haupozi chuma kama maji.

Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Katika likizo ya muhula wa pili mwaka jana, padre wa parokia yetu alinituma kupeleka barua katika kigango kimoja upande wa Bungokho, akanipa pikipiki yake. Pikipiki hiyo ina rejeta moja, nayo imefungwa upande wa kushoto chini ya tangi. Mvua ilikuwa imenyesha. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko wa udongo mwekundu, gurudumu la mbele liliteleza, nikaanguka upande wa kushoto, polepole kabisa, kama mtu anayelala. Mimi sikuumia ila kiwiko. Nilisimamisha pikipiki, nikaona kioo kimoja kimevunjika na mkono wa klachi umepinda. Nilifuta matope kwenye tangi kwa shati langu ili Padre asione mkwaruzo. Kwenye rejeta sikutazama hata mara moja.

Kilometa kumi na mbili zilibaki. Nilikwenda mbio kwa sababu ya aibu na kwa sababu wingu jingine lilikuwa linakuja. Mara moja nilinuka harufu tamu kama ya sukari inayoungua, nikadhani ni jaa la taka kando ya barabara. Taa nyekundu ya joto haikuwaka. Baadaye fundi alinieleza kwamba kipimo cha joto husema kweli kikiwa kimezama katika maji. Maji yakiisha, huguswa na mvuke na hewa tu, na huweza kunyamaza wakati chuma kinaungua. Nilipoingia mjini injini ilianza kugonga, ikapoteza nguvu, ikazimika katikati ya barabara, nyuma ya lori la saruji.

Tuliisukuma, mimi na vijana wawili nisiowajua, mpaka gereji. Fundi ni mzee wa makamo, aliyekuwa akitengeneza malori kabla ya pikipiki. Alizunguka mara moja, akachuchumaa upande wa kushoto, akapitisha kidole chini ya rejeta, akanionyesha maji ya kijani.

"Ulianguka wapi, mwanangu?"

"Bungokho, Mzee."

"Na ukaja nayo mpaka hapa?"

Sikuwa na jibu. Mkono wangu ulikwenda kwenye kifuniko cha rejeta, akaukamata kabla haujafika. Nashukuru mpaka leo. Maji yaliyobanwa kwenye digrii zaidi ya 100, kifuniko kikifunguliwa ghafula, hugeuka mvuke yote kwa pamoja na kurukia uso. Sheria ni kungoja mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta na kukiacha hapo bila kukiondoa. Tulingoja karibu saa nzima.

Maumivu ya rejeta si ya namna moja, na fundi alinifundisha kuyatofautisha kabla ya kushika spana. Pengine mapezi tu yamelala, kama nyasi zilizokanyagwa. Hapo hakuna maji yanayovuja, na kazi ni kuyasimamisha kwa bisibisi nyembamba, moja moja, bila kugusa mirija. Ni kazi ya uvumilivu, inafaa kupewa mwanafunzi. Pengine sikio la kufungia bolti limekatika, na rejeta inacheza. Pengine mpira wa maji umevutwa ukachomoka kidogo kwenye shingo yake. Pengine shingo yenyewe ya kifuniko imepinda. Hiyo ni hatari kwa sababu huoni tone hata moja pikipiki ikiwa baridi, lakini kifuniko hakishiki msukumo. Na pengine rejeta nzima imepinda kama ndizi. Nilidhani iliyopinda lazima inyoshwe. Fundi alikataa: iliyopinda na haivuji, na feni haigusi, iache hivyo hivyo. Alumini iliyokwisha kunjwa mara moja huwa ngumu na ya kukatika, ukiirudisha ndipo inapopasuka. Ikiwa hapana budi kuinyosha, tumia vipande viwili vya mbao na jiriwa, ukikaza kidogo, ukingoja, ukikaza tena. Nyundo hapana.

Yetu ilikuwa na mirija miwili iliyotobolewa, kwa kuwa jiwe lilikuwa limeingia kati ya mapezi. Tuliijua hivi. Tuliitoa rejeta, tukaimwaga, tukaisuuza. Fundi alikata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akaziba shingo moja kwa kigingi cha mti kilichovikwa mpira, na shingo ya pili akaifunga na valvu ya baiskeli. Kisha tuliizamisha katika beseni la maji, nami nikapiga pampu ya baiskeli taratibu. Mapovu yalitoka sehemu mbili, tukaweka alama kwa msumari. Lazima nionye kwamba pampu ya baiskeli huweza kujaza upepo mara tatu au nne ya ule unaovumiliwa na rejeta. Piga mara chache, angalia, piga tena. Mwenye kipimo cha upepo asipite msukumo ulioandikwa juu ya kifuniko.

Sasa habari ya kuziba. Wazee waliosoma hapa watakumbuka mafundi wa bati waliolehemu rejeta za malori kwa risasi na moto wa makaa. Rejeta zile zilikuwa za shaba, na shaba hupenda risasi. Nchi yetu iliijua shaba vizuri: tangu mwaka 1956 shaba ya Kilembe ilisafirishwa kwa reli mpaka Jinja, ikayeyushwa huko kwa umeme wa Owen Falls, bwawa lililofunguliwa mwaka 1954. Rejeta za siku hizi ni za alumini, kwa kuwa ni nyepesi na ya bei nafuu, na hapo ndipo ufundi wa zamani unapogonga mwamba. Alumini ikiguswa na hewa hujivika mara moja ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho. Alumini yenyewe huyeyuka kwenye digrii 660, lakini ngozi hiyo haiyeyuki mpaka upite digrii 2,000. Kwa hiyo risasi hutiririka juu yake kama maji juu ya jani la yugwa, haishiki. Na fundi akiongeza moto kwa hasira, mrija huanguka chini ukiwa umeyeyuka, ngozi ikiwa bado ipo. Nimeona rejeta mbili zilizoharibiwa namna hiyo zikining'inia ukutani pale gereji. Fundi amezitundika makusudi.

Njia iliyo bora ni kuchomelea kwa mashine ya gesi ya argoni, ambayo huondoa ile ngozi na kuizuia isirudi. Lakini ukuta wa mrija ni mwembamba kuliko ukucha, na mchomeleaji awe mtu aliyezoea alumini nyembamba, si madirisha ya chuma. Mashine ile ya kawaida ya fimbo haifai kabisa.

Sisi tulitumia njia ya maskini, nayo ni halali ikifanywa kwa usafi. Fundi alikata mapezi pande mbili za kila mrija uliotoboka, akapata nafasi ya kidole. Akaukata mrija pale penye tundu, akabana kila ncha kwa koleo, akaikunja juu yake mara moja kama mtu anavyofunga mfuko wa karatasi, akabana tena. Kisha gundi ya chuma, ile ya kuchanganya sehemu mbili. Ufanisi wake wote uko katika maandalizi: nilisugua kwa msasa mpaka alumini ikang'aa, nikaosha kwa petroli kidogo na kitambaa safi, nikaacha ikauke, na baada ya hapo sikuruhusiwa kupaguza kwa kidole, maana mafuta ya ngozi yanatosha kuifanya gundi ibanduke. Tukachanganya kiasi sawa na sawa, tukapaka, tukaiacha mpaka kesho yake saa ile ile. Siku ya pili tukairudisha katika beseni. Haikutoa hata povu moja.

Mtu atauliza, je, si tumepunguza nguvu ya rejeta? Tumepunguza. Nilihesabu mirija 22, na sasa 20 inafanya kazi, yaani karibu asilimia 9 imekwenda. Rejeta huwa imepewa akiba zaidi ya hiyo. Ikifika mirija minne au mitano, kwa pikipiki inayopanda Mlima Masaba na mizigo, ningesema nunua nyingine.

Neno juu ya dawa za barabarani. Wako wanaotia yai bichi ndani ya rejeta, wako wanaotia pilipili manga au unga wa manjano. Zinaziba kweli, kwa sababu punje na ute huvutwa kwenye tundu na kuganda. Ubaya wake ni kwamba hazijui tundu ni lipi na mrija ni upi. Huziba vyote, na mirija ya pikipiki ni myembamba kuliko ya lori. Sabuni ya mche, inayoponya tangi la petroli vizuri sana, haifai hapa. Petroli haiyeyushi sabuni, maji ya moto huiyeyusha mara moja. Ukiwa mbali na msaada, jambo lenye busara zaidi ni hili: ngoja ipoe, jaza maji safi, kisha funga kifuniko hatua ya kwanza tu, kisibane. Bila msukumo tundu litavuja kidogo sana. Lakini kumbuka sasa unachemka kwenye digrii 96. Nenda mwendo wa wastani kilometa mbili au tatu, zima, ngoja, jaza, endelea. Mimi ningefanya hivyo siku ile, ningefika nimechelewa kwa saa mbili, na pikipiki ingepona.

Haikupona. Gharama ya kweli haikuwa rejeta. Kichwa cha silinda ni cha alumini, bolti zinazokishika ni za chuma, na kwa joto lile lile alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kikizidi joto, hujibana juu ya bolti zake, hukandamiza gasketi, na kikipoa hakirudi sawa. Tulipojaza maji na kuwasha injini, mapovu yalitoka kwenye shingo ya rejeta bila kukoma, na oili ilipochunguzwa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Dalili hizo mbili, pamoja na moshi mweupe wenye harufu tamu, kwa kawaida zina maana hii: gasketi imeungua. Fundi alikilaza kichwa juu ya kipande cha kioo nene, akaingiza karatasi ya sigara chini yake, ikapita katikati. Kilikuwa kimepinda. Kilipelekwa kusawazishwa kwa mashine, na gasketi ikangojwa kutoka Kampala.

Majuma matatu. Jumapili mbili vigango viwili vya mlimani havikupata Misa, kwa sababu barabara yake haipitiki kwa gari wakati wa mvua. Katekista mmoja alishuka kwa miguu kuuliza kama Padre ni mgonjwa. Mimi ndiye niliyemjibu, nikiwa na oili mpaka viwikoni. Nilimweleza yote, hata habari ya shati.

Tulipokuwa tunangoja gasketi, tulitengeneza kinga. Duniani kinga za namna hii huuzwa tayari, lakini tulitumia vyuma vya gereji. Kanuni yake fundi aliieleza kwa maneno machache: nguvu ya kuanguka lazima ipelekwe kwenye fremu, isipitie kwenye rejeta. Tulikunja chuma bapa cha milimeta nne kiizunguke rejeta kwa nje, nacho kikafungwa kwa bolti kwenye fremu juu na chini. Kati ya chuma na rejeta tuliacha nafasi ya kidole kimoja. Kijana mmoja wa gereji alitaka kukichomelea chuma hicho kwenye rejeta yenyewe ili "kishike imara", na hilo lingekuwa kosa baya, kwa sababu kila tetemeko la barabara lingekwenda moja kwa moja kwenye alumini. Rejeta lazima ibaki ikielea juu ya vipande vyake vya mpira. Tulivyovikuta vilikuwa vimekauka kama mbao, tukakata vipya kutoka tairi kuukuu.

Mbele ya mapezi tuliweka wavu dhidi ya mawe. Mara ya kwanza niliweka wavu mwembamba wa dirisha la mbu, nikajiona mwerevu. Siku ya kujaribu feni haikunyamaza, maana wavu ule ulizuia upepo, na matope yalipougusa ukawa ukuta. Tukaweka bati lenye matundu makubwa ya kuingiza ncha ya kidole kidogo. Jiwe la kutoboa mrija halipiti hapo, na upepo unapita.

Udongo wetu ni adui mwingine wa rejeta. Baada ya mafuriko ya Julai mwaka 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika, fundi anasema alipata pikipiki nyingi zilizokuwa nzima kabisa ila zinachemka: mapezi yalikuwa yamejaa tope lililokauka kama tofali. Tope huoshwa kwa maji ya taratibu, kutoka upande wa nyuma kuja mbele, yaani litoke kwa njia lililoingilia. Zile mashine za kuoshea magari zikikaribishwa sana hulaza mapezi yote kwa dakika moja.

Na maji ya kutia ndani? Maji ya kisima huacha ukoko mweupe kama ule wa birika, na ukoko ni blanketi. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa safi, au yale ya betri yasiyo na asidi. Yachanganywe nusu kwa nusu na glaikoli, ile ya rangi ya kijani au nyekundu. Kwetu hakuna barafu, lakini hupandisha kiwango cha kuchemka na huzuia kutu. Ina utamu na ni sumu kali. Iliyomwagika ifunikwe kwa udongo, mbwa na watoto wasiirambe. Wakati wa kujaza, laza pikipiki kushoto na kulia, minya mipira ya maji kwa mkono, na uache injini inguruke kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe, kwa sababu hewa iliyonaswa kwenye kichwa cha silinda hufanya kazi ile ile ya mvuke niliyoieleza.

Mwezi wa Januari pikipiki ilianguka tena, safari hii Padre akiwa juu yake, katika njia ya migomba yenye utelezi. Ilianguka upande ule ule wa kushoto. Aliizima, akaisimamisha, akapitisha kidole chini ya rejeta kama nilivyomwonyesha, akaangalia kidole. Kilikuwa kikavu. Kile chuma bapa kilikuwa kimekwaruzwa na kupinda kidogo upande wa chini, nami nilikinyosha Jumamosi iliyofuata.